Povu halijazi debe: Mkulima na mfanyabiashara wajue kulisoma

NENO povu si geni kwa yeyote aliyewahi kufua nguo, kukamua ng'ombe au kuchemsha uji. Ni hewa iliyofungwa ndani ya ngozi nyembamba ya maji. Likiwa moja moja watu huliita kiputo. Viputo vikikusanyika ndipo husemwa povu limejaa. Mtoto hulipuliza akafurahia kuliona likipaa, kisha hucheka linapopasuka. Mtu mzima huliondoa kwa kijiko na kuendelea na shughuli zake.

Hata hivyo, neno hili dogo lina kazi nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mtu akikasirika na kufoka, husemwa povu limemtoka. Fundi wa magurudumu hulitegemea kutafuta tundu, mwashi hulitegemea kunyoosha ukuta, na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huliogopa kwa sababu linaweza kumuulia mnyama kwa saa chache. Katika lugha ya biashara, kiputo ni bei iliyofura kuliko thamani ya bidhaa yenyewe, ambayo siku moja hupasuka na kuwaacha watu na hasara.

Hilo la mwisho ndilo lililowagusa Wakenya wengi mwaka 2013 na 2014, walipokimbilia kufuga kware. Lakini kabla ya kufika huko, ni vyema kuangalia jinsi povu linavyofanya kazi katika maisha ya kila siku, kwani somo lake ni lile lile shambani na sokoni.

Povu linalosema kweli

Kazi ya kwanza ya kiputo ni kufichua. Fundi wa baiskeli au bodaboda akiletewa gurudumu lililoisha upepo, hutoa mpira wa ndani, akaujaza hewa na kuuzamisha ndani ya karai la maji. Pale viputo vinapopanda ndipo tundu lilipo. Hahitaji mashine wala kubahatisha.

Mbinu hiyo hiyo humfaa mwenye kibanda cha chai anayepikia gesi. Baada ya kubadilisha mtungi, anaweza kupaka maji ya sabuni yenye povu pale bomba linapoungana na mtungi. Viputo vikianza kufura na kuongezeka, gesi inavuja na mtungi ufungwe mara moja. Kutafuta uvujaji kwa kiberiti ni kujitafutia maafa.

Mwashi naye ana pimamaji. Ndani ya kifaa hicho mna kichupa chenye maji na kiputo kimoja tu cha hewa. Kiputo kikitulia katikati ya alama mbili, ukuta au msingi uko sawa. Kikiegemea upande mmoja, upande huo ndio ulio juu. Nyumba nzima ya mawe hutegemea ukweli wa kiputo kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kwa mfanyabiashara wa mayai, kiputo ni cheti cha umri. Kila yai lina nafasi ya hewa katika ncha yake butu. Yai likikaa, maji yake hutoka polepole kupitia vitundu vidogo vya ganda na nafasi hiyo hupanuka. Ndiyo maana yai bichi la juzi likitiwa ndani ya maji hulala chini, lililokaa kwa muda husimama wima, na lililozeeka sana huelea. Anayenunua trei nyingi kwa wakati mmoja anaweza pia kuliangalia yai gizani kwa mwanga wa tochi, na kiputo kitamweleza kile ambacho muuzaji hakusema.

Hata jikoni kiputo husema kweli. Mpishi wa mandazi huujua unga uliokomaa kwa viputo vinavyojitokeza ndani ya donge. Hamira iliyokufa haitoi povu ikichanganywa na maji ya uvuguvugu na sukari, na ni afadhali kuligundua hilo kabla ya kuharibu unga wa siku nzima.

Povu linalodanganya kipimo

Kazi ya pili ya povu ni kudanganya macho. Maziwa yakimiminwa kwa kasi kutoka juu hutoa povu jingi na chombo huonekana kimejaa. Povu likitulia, mnunuzi hugundua kwamba kiwango kimeshuka. Ni kwa sababu hiyo vyama vingi vya ushirika hupokea maziwa kwa mizani badala ya kipimo cha lita. Mizani haijali povu, kwa kuwa povu halina uzito wa maana.

Anayenunua maziwa kwa chombo cha kupimia anashauriwa kusubiri povu litulie kabla ya kukubali kiasi. Vivyo hivyo kwa anayetumia laktomita kuchunguza iwapo maziwa yametiwa maji: maziwa yakorogwe taratibu bila kuingiza hewa, kwa kuwa povu huharibu usomaji wa kifaa hicho, na mkulima mwaminifu anaweza kurudishwa nyumbani na maziwa yake bila hatia.

Sabuni ya maji nayo ina hadithi yake. Wateja wengi huipima kwa wingi wa povu, na watengenezaji wadogo wanajua hivyo. Ukweli ni kwamba kuna sabuni za povu kidogo zinazong'arisha vizuri, na kuna zenye povu jingi ambazo haziondoi mafuta. Kinachotakasa ni dawa iliyo ndani ya maji. Isitoshe, sabuni ile ile nzuri hukataa kutoa povu katika maji ya kisima yenye chumvichumvi. Mfanyabiashara anayeuza sabuni ya kipande katika eneo la maji ya namna hiyo afaa kuwaeleza wateja wake mapema, la sivyo watadhani amewauzia bidhaa bandia.

Povu linaloua ng'ombe

Kwa mfugaji, povu la hatari zaidi halionekani. Ng'ombe akila kwa wingi majani machanga yenye unyevu ya jamii ya kunde, kama vile lusina, chakula hicho hutengeneza povu zito ndani ya tumbo lake kubwa. Kwa kawaida gesi ya tumboni hutoka ng'ombe anapobeua. Ikinaswa ndani ya povu, haipati njia.

Dalili huanza ubavu wa kushoto, ambao hufura na kukaza kama ngoma. Mnyama huacha kucheua, hupumua kwa shida, hupiga miguu na kuangalia tumbo lake. Asipotibiwa haraka anaweza kufa kwa saa chache, kwani tumbo lililofura hubana mapafu.

Mafuta ya kupikia ni huduma ya kwanza inayojulikana, kwa sababu huvunja povu na kuiachilia gesi. Ng'ombe mkubwa anaweza kunyweshwa kati ya robo na nusu lita, taratibu, kichwa kisiinuliwe sana ili mafuta yasiingie kwenye mapafu. Kisha atembezwe huku daktari wa mifugo akiitwa. Wapo wanaokimbilia kumtoboa ubavuni. Mbali na hatari ya kumwumiza, mara nyingi tundu hilo halisaidii kama gesi bado imo ndani ya povu.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Majani ya jamii ya kunde yaachwe yanyauke kabla ya kulishwa, ng'ombe aanze kula nyasi kavu asubuhi, na chakula kipya kiongezwe kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ng'ombe mwenye njaa asiachiliwe kwenye shamba la lusina lenye umande.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba lusina si sumu. Ni miongoni mwa malisho bora kabisa kwa maziwa. Kinachoua ni kula nyingi, kwa haraka, tumbo likiwa tupu. Biashara nyingi zilizowafilisi watu zilikuwa nzuri vilevile. Waliozivamia walikuwa na njaa.

Neno lilivyoingia sokoni

Waingereza walianza kutumia neno povu kwa biashara hewa karne tatu zilizopita. Mwaka 1720 kampuni moja ya London iliyoitwa South Sea ilivuma kwamba ingepata utajiri mkubwa kutokana na biashara ya Amerika Kusini. Hisa yake moja iliyouzwa takriban pauni 128 mwezi Januari ilifika karibu pauni 1,000 katikati ya mwaka. Kabla ya mwaka huo kwisha, bei ilikuwa imerudi karibu pale ilipoanzia. Mwanasayansi maarufu Isaac Newton alikuwa miongoni mwa waliopoteza fedha. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhibiti kampuni mwezi Juni 1720, na hadi leo inajulikana kama Sheria ya Povu. Ilifutwa mwaka 1825.

Kabla ya hapo, Waholanzi walikuwa wamepata somo lao kupitia maua. Tulipu huota kutokana na kitunguu chake kilicho ardhini, na katika miaka ya 1630 vitunguu vya aina adimu viliuzwa kwa bei za kushangaza. Kwa kuwa wakati wa baridi vitunguu huwa bado vimo ardhini, watu waliuziana karatasi za ahadi tu, na wenyewe wakaiita biashara ya upepo. Mapema mwezi Februari 1637, katika mji wa Haarlem, mnada uliitishwa na wanunuzi hawakutokea. Bei ikaanguka. Watafiti wa miaka ya karibuni wameonyesha kwamba waliofilisika kabisa walikuwa wachache kuliko inavyosimuliwa, kwa sababu wengi walikuwa wameahidi tu bila kulipa. Hata hivyo, kuaminiana kati ya muuzaji na mnunuzi kulivunjika.

Ni nchi hiyo hiyo ya Uholanzi ambako maua ya Naivasha hupigwa mnada. Biashara ya maua ilibaki, tena ikakua. Kilichopasuka ni povu lililokuwa juu yake.

Kware walivyofura na kupasuka

Magharibi mwa Kenya, kware ni ndege wa zamani. Waluo humwita aluru, na Waluhya wengi humwita isindu. Wawindaji wa huko wana mbinu moja maarufu: hufunga kware ndani ya vikapu vidogo na kuvitundika juu ya mti mrefu ulioinamishwa kidogo. Ndege hao huimba alfajiri, wenzao wa porini huwasikia na kuja, na chini ya mti hukuta mitego. Anayeimba hamaanishi ubaya. Yeye mwenyewe amefungwa.

Mwaka 2013 wimbo huo ulisikika nchi nzima. Ilivumishwa kwamba mayai ya kware yanatibu maradhi chungu nzima, kuanzia shinikizo la damu hadi kisukari, madai ambayo hayakuwa na uthibitisho wa kitaalamu. Bei ya yai moja ilifika Sh50 na zaidi wakati yai la kuku likiuzwa karibu Sh10. Ikikumbukwa kwamba yai la kware lina uzito wa gramu 10 hadi 12, na la kuku huzidi gramu 50, mlaji alihitaji takriban mayai matano ya kware kupata kiasi cha yai moja la kuku. Alikuwa akilipa Sh250 kwa chakula ambacho angekipata kwa Sh10.

Watu walipanga foleni kuomba leseni kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwani kware alihesabiwa kuwa mnyamapori. Walimu, wastaafu, vyama vya akina mama na vijana waliomaliza shule walinunua ndege, vizimba na mashine za kuangulia mayai. Kufikia katikati ya mwaka 2014 bei ya yai ilikuwa imeshuka chini ya Sh10 katika maeneo mengi, na wapo waliokosa mnunuzi kwa bei yoyote. Baadhi waliwachinja ndege wao, wengine wakawaachilia.

Ni nini kilichotokea? Jibu limo katika kalenda ya ndege mwenyewe. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18 na kifaranga huanza kutaga akiwa na umri wa wiki sita hadi nane. Kutoka yai hadi yai ni takriban wiki 10 tu.

Mfano: mfugaji mwenye kware majike 100 akipata mayai 80 kwa siku, kwa mwezi ana mayai 2,400. Nusu yakiangua na kukua, ana ndege 1,200, na nusu yao ni majike, yaani 600. Katika muda usiozidi miezi minne, majike 100 wamekuwa 700. Wafugaji wengi wakifanya hivyo kwa pamoja, soko hujaa kabla ya msimu mmoja wa mahindi kwisha. Idadi ya walaji ilibaki pale pale.

Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya mayai ya wakati huo haikwenda mezani. Ilinunuliwa na wafugaji wapya waliotaka kuangulia, ili nao wawauzie wafugaji wapya zaidi. Biashara ya namna hiyo huendelea kwa muda ule tu ambao wapya wanaingia. Siku wanapoisha, anayebaki ni mlaji, naye hulipa bei ya chakula.

Hesabu iliyowaponza wengi

Wengi hudhani waliopata hasara walishindwa na gharama ya chakula cha ndege. Hesabu inaonyesha vingine. Mfano: mfugaji ana kware majike 200 waliomgharimu Sh1,000 kila mmoja, jumla Sh200,000. Kware mmoja hula takriban gramu 25 kwa siku, hivyo wote hula kilo tano. Chakula kikiwa Sh60 kwa kilo, anatumia Sh300 kwa siku. Anaokota mayai 160.

Yai likiuzwa Sh50, anapata Sh8,000 kwa siku. Akitoa chakula anabaki na Sh7,700, na mtaji wake unarudi kwa siku 26. Hesabu hiyo ndiyo iliyochorwa kwenye karatasi katika vikao vya vyama.

Yai likishuka hadi Sh5, anapata Sh800, na akitoa chakula anabaki na Sh500. Bado ni faida, lakini sasa mtaji utarudi baada ya siku 400, kabla ya kuhesabu dawa, umeme na jasho lake, tena kama mayai yote yamenunuliwa. Kware hutaga vizuri kwa takriban mwaka mmoja. Ndege watachoka kabla ya deni kwisha.

Kwa hivyo kilichoumiza watu ni bei waliyolipa kuingia. Aliyenunua ndege mapema kwa bei ya chini alifaidika. Aliyenunua mwishoni, kwa bei iliyopandishwa na msukumano, ndiye aliyelipia faida ya wa kwanza.

Vanila: povu la polepole

Si kila povu hupasuka kwa miezi michache. Vanila ina mwendo wake. Mmea huo huchukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa. Kila ua huchavushwa kwa mkono, kwa mbinu iliyogunduliwa mwaka 1841 na kijana mtumwa, Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion. Tangu uchavushaji hadi ganda kukomaa ni miezi tisa hivi.

Madagascar ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi duniani. Kimbunga Hudah kilipoipiga mwaka 2000, vanila ilipungua na bei ikapanda hadi takriban dola 500 za Marekani kwa kilo mwaka 2003. Wakulima wa Uganda, na wa Kagera nchini Tanzania, walipanda kwa wingi. Lakini mche uliopandwa mwaka 2003 ulizaa karibu mwaka 2006, na kufikia wakati huo bei ilikuwa imeanguka hadi sehemu ndogo tu ya ile ya awali. Mashamba ya Madagascar yalikuwa yamepona, na viwanda vya vyakula vilikuwa vimegeukia ladha ya kutengenezwa maabara ambayo ni rahisi.

Historia ilijirudia. Kimbunga Enawo kilipiga Madagascar mwezi Machi 2017, na mwaka 2018 kilo moja ya vanila ilipita dola 600, ghali kuliko fedha yenyewe. Wezi waliingia mashambani usiku, na wakulima wakavuna maganda machanga kwa hofu ya kuibiwa, jambo lililoharibu ubora. Mwaka 2020 Serikali ya Madagascar iliweka bei ya chini kabisa ya dola 250 kwa kilo inayouzwa nje. Mwaka 2023 sharti hilo liliondolewa, na bei ikaporomoka.

Somo la vanila ni kwamba bei ya leo humlipa aliyepanda miaka mitatu iliyopita. Anayepanda leo kwa sababu ya bei ya leo anabahatisha.

Si kila bei inayopanda ni povu

Ni makosa vilevile kuogopa kila kitu. Nyanya zikipanda bei kwa sababu ya mvua kubwa, huo ni uhaba wa kawaida: watu wanazila, na bei itashuka mavuno mengine yakifika. Mama mboga anayezinunua asubuhi na kuzimaliza jioni hana hofu ya povu.

Pia kuna mali nzuri iliyonunuliwa kwa njia mbaya. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa Sh5. Zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Juni mwaka huo zilipanda juu ya Sh7. Mapema mwaka 2009 zilikuwa chini ya Sh3. Waliokuwa wamenunua kwa akiba yao walingoja, na mwaka 2021 hisa hizo zilipita Sh40. Baadhi ya waliochukua mikopo ya benki walilazimika kuuza kwa hasara ili walipe deni. Kampuni ni ile ile, hisa ni zile zile. Tofauti ilikuwa chanzo cha pesa.

Na kuna jambo la tatu, ambalo ni ulaghai mtupu. Miradi ya upatu iliyoporomoka Kenya karibu na mwaka 2007 haikuwa na bidhaa. Ilimlipa wa kwanza kwa pesa za wa mwisho. Nchini Tanzania, DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009, iliazima hata maneno ya wakulima: watu waliambiwa "wapande" fedha na kungoja "kuvuna". Mkulima wa kweli anajua hakuna mbegu inayoota bila udongo.

Maswali matano kabla ya kutoa pesa

Mkulima au mfanyabiashara anayesikia habari za mradi mpya unaolipa sana anaweza kuupima kwa maswali haya.

*Kwanza, mlaji wa mwisho ni nani?* Kama wanunuzi wote ni wafugaji au wakulima wapya, hilo ni povu. Aende sokoni, hotelini au kiwandani aulize ni nani anayekula au kutumia bidhaa hiyo, na hulipa kiasi gani.

*Pili, mwingine anahitaji muda gani kuingia?* Kitu kinachozaana kwa wiki 10 hujaza soko haraka. Kinachochukua miaka mitatu kitamfikisha sokoni siku moja na wote walioanza naye.

*Tatu, anayehubiri mradi anapata wapi pesa zake?* Kama anaishi kwa kuuza vifaranga, miche, mashine na semina, na si kwa kuuza mazao, basi mazao yake halisi ni wale wanaomsikiliza.

*Nne, bei ikishuka mara kumi, mtaji utarudi lini?* Hesabu ifanywe kwa bei ya chini. Ikikubali, mradi una miguu.

*Tano, pesa ni za nani?* Akiba inaweza kungoja. Mkopo wa sacco au wa benki haungoji, na shamba lililowekwa rehani halirudi kwa kujuta.

Kware hawakutoweka nchini. Wapo wafugaji waliobaki nao baada ya mwaka 2014, wakitafuta hoteli na familia zinazonunua mayai na nyama kama chakula, kwa bei ya chakula. Hao ndio waliokuja kujua thamani halisi ya ndege huyo. Povu lilipotulia, waliinama kuangalia ndani ya debe na kupima kilichobaki.